Siku Moja ya Ruhusa kwa Mwaka

Swali la juma lililopita lilikuwa hili: "Mzee wa nyumbani kwako amekusimulia nini kuhusu siku zake za shule ya msingi, na ni lipi kati ya hayo lililokukaa moyoni?" Nadhani wengi watawaandikia kuhusu kutembea pekupeku alfajiri na kujifunza herufi mchangani kwa kijiti, na wazazi wangu mwenyewe kule Upareni wangekuwa na hayo hayo ya kusimulia. Mimi naomba kujibu kwa habari za mzee niliyepewa na ndoa. Baba mkwe wangu ni Mskoti. Alizaliwa mwaka 1941 katika kijiji kimoja cha bonde la Strathmore, mashariki mwa Uskoti, mahali fulani kati ya miji midogo ya Blairgowrie na Forfar, na baba yake alikuwa mhunzi wa kijiji hicho. Nimeishi Dundee tangu mwaka 1998, na Jumapili nyingi tangu hapo nimeketi naye mezani nikimsikiliza, kwanza kwa adabu ya mkwe, baadaye kwa hamu yangu mwenyewe.

Shule yake ilikuwa jengo la mawe mekundu lenye vyumba viwili, kimoja cha wadogo chini ya mwalimu wa kike, kingine cha wakubwa chini ya mwalimu mkuu, ambaye nyumba yake ilishikana na shule kiasi kwamba watoto walisikia harufu ya chakula chake cha mchana kikipikwa. Milango ilikuwa miwili, wa wavulana na wa wasichana, maandishi yakiwa yamechongwa kwenye jiwe juu ya kila mlango, ingawa ukishaingia wote mliketi chumba kimoja. Madirisha yaliwekwa juu sana ukutani, mtoto aone mwanga lakini asione njia. Vyoo vilikuwa ng'ambo ya uwanja, bila maji, na Baba husema kwamba hakuna kitu kilichomfundisha kujizuia maishani kama safari ya kwenda huko mwezi Januari.

Alianza masomo Agosti 1946, mwezi ule ule ambao serikali ilianza kumpa kila mwanafunzi maziwa ya bure: chupa ndogo ya theluthi ya painti, yaani kama mililita 190, iliyofunikwa kwa kipande cha kadibodi chenye kitundu cha kusukuma kwa kidole katikati. Vita vilikuwa vimekwisha lakini njaa ya vita haikuwa imekwisha. Mkate, ambao haukugawiwa kwa vipimo hata wakati mabomu yakianguka, ulianza kupimwa mwezi Julai mwaka huo, miezi mingi baada ya amani, na ukaendelea hivyo hadi 1948. Kisha ikaja baridi ya mwaka 1947. Theluji ilianza mwishoni mwa Januari na haikuachia nchi mpaka katikati ya Machi. Siku ambazo gari la maziwa lilifanikiwa kupita, kreti ililetwa ikiwa imeganda, maziwa yamefura na kuinua vile vifuniko juu ya shingo za chupa kama kofia zilizovaliwa upande. Mwalimu aliisogeza kreti karibu na jiko la makaa ya mawe, na kufikia saa nne chupa za upande mmoja zilikuwa bado barafu, za upande wa pili zimekuwa vuguvugu na kunuka. Mpaka leo Baba hanywi maziwa ya moto, nami nilipoolewa nikampikia chai ya maziwa kwa mtindo wa nyumbani, aliinywa yote kwa heshima, kisha mume wangu akanieleza jikoni kwa sauti ya chini ni sadaka gani ile iliyotolewa.

Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya maziwa.

Watoto wa kijiji kile walikuja shuleni na lugha yao, nayo haikuwa Kiingereza. Kiskoti ni ndugu wa Kiingereza, labda kama Kibajuni kilivyo kwa Kiswahili cha redioni, na ubishi wa kama ni lugha au ni lahaja haujaisha huku kama usivyoisha kwetu. Ng'ombe kwao ni coo, nyumba ni hoose, kanisa ni kirk, mtoto ni bairn, na kujua ni ken. Wiki yangu ya kwanza katika familia hii nilisikia "ken" mwishoni mwa kila sentensi ya Baba, nikadhani wana jirani mpendwa sana aitwaye Ken, na nikauliza kama mtu huyo atakuja kula nasi. Nyumbani, karakanani kwa mhunzi, uwanjani wakati wa kucheza gololi, kila kitu kilikwenda kwa lugha hiyo. Ukivuka kizingiti cha darasa ulipaswa kuiacha nje pamoja na matope ya viatu.

Haikuwa ukorofi wa mwalimu mmoja. Mwaka ule ule wa 1946 baraza la ushauri wa elimu la Uskoti lilitoa ripoti kuhusu elimu ya msingi, ikisema waziwazi kwamba Kiskoti si lugha ya watu walioelimika popote, wala hakifai kuwa chombo cha elimu au utamaduni. Mwalimu mkuu wa kijiji kile alikuwa akitekeleza kile ambacho nchi yenyewe iliamini kujihusu. Alikitekeleza kwa mkanda.

Mkanda huo ulikuwa wa ngozi nene, umechanwa mwishoni kuwa ncha mbili au tatu. Mingi ilitengenezwa na mafundi wa ngozi katika mji wa Lochgelly, mkoani Fife, hata jina la mji likageuka kuwa jina la mkanda wenyewe. Mtoto, awe wa kiume au wa kike, alinyoosha mikono mbele, viganja juu, mmoja ukibebwa na mwingine, na kama ana akili alikuwa ameshavuta mikono ya sweta kufunika vifundo vya mikono, kwa sababu ncha zikipita kiganja zikatua kwenye mishipa ya kifundo huacha alama ambayo mama ataiona. Watoto waliamini pia kwamba unywele wa mkia wa farasi ukilazwa kiganjani utaupasua mkanda vipande viwili. Baba, mtoto wa mhunzi, ndiye aliyekuwa na ghala la nywele hizo, kwa kuwa farasi wakubwa wa plau waliletwa kwao kuvalishwa viatu vya chuma. Aliuza unywele mmoja kwa gololi moja. Anakiri kwamba hakuna mkanda uliowahi kupasuka, na kwamba wateja hawakuacha kununua.

Hesabu zenyewe zilikuwa adhabu tosha. Sisi tuliozoea shilingi yenye senti 100 hatuwezi kuelewa mateso ya mtoto anayeulizwa ghafla, akiwa amesimama, bei ya kitu katika pauni yenye shilingi 20 na shilingi yenye peni 12.

Nje ya darasa palikuwa na shule nyingine, na Baba akifika hapo husahau kula. Kila Oktoba watoto walipewa likizo ya viazi, kwa kuwa Strathmore ni nchi ya viazi na mikono haikutosha. Msimamizi wa shamba alipima mstari kwa hatua zake, akachomeka vijiti, na kati ya kijiti na kijiti ndicho kilikuwa kipande chako. Mtoto alipewa nusu kipande. Trekta ilipita ikifumua tuta na kutawanya viazi juu ya udongo mwekundu, nawe ulipaswa kuviokota vyote kwenye kikapu cha waya kabla haijazunguka shamba na kurudi. Haikungoja mtu. Ulisikia mlio wake ukipungua kule mbali, ukavuta pumzi, halafu ukasikia unaanza kukua tena. Kufikia jioni mtoto wa miaka 10 hakuweza kunyoosha mgongo, na asubuhi yake baridi ya alfajiri ilikuwa imeufanya udongo kuwa kama sahani. Malipo yalikwenda moja kwa moja kwa mama, kununua buti za majira ya baridi. Msimamizi, akina mama waliokuja kwa malori kutoka Dundee, dereva wa trekta, wote walizungumza Kiskoti, na shambani hapo hakuna mtu aliyewahi kuviita viazi kwa jina la darasani. Ni tatties tu. Hata likizo ya shule ya Oktoba, ambayo leo haina uhusiano wowote na mavuno, watu wa huku bado wanaiita likizo ya viazi, kwa neno lile lile lililokuwa likiwaletea watoto mkanda.

Kisha kulikuwa na tarehe 28 Mei. Familia za vibarua wa mashamba ziliishi katika nyumba za mwajiri, na mkataba wa mwaka ulipokwisha bila kuongezwa, zilihama siku hiyo hiyo, bonde zima kwa wakati mmoja. Barabara zilijaa matela yaliyopakia vitanda, meza zilizopinduliwa miguu juu, kuku ndani ya kreti na paka ndani ya gunia. Shuleni madawati yalikuwa na nafasi tupu asubuhi moja, na baada ya siku chache zikajazwa na sura ngeni. Mwaka 1951 rafiki yake Baba, waliyeketi dawati moja kwa miaka miwili, aliondoka hivyo. Walikuwa hawajaagana kwa sababu mtoto mwenyewe hakujua kama baba yake ameongezewa mwaka au la. Aliacha kwenye dawati kichwa cha farasi alichokuwa akikichonga kwa kisu polepole, sikio moja likiwa bado. Baba alilimalizia.

Nafasi ile ilichukuliwa na mvulana kutoka kaskazini, upande wa Aberdeen, ambaye Kiskoti chake kilikuwa kingine kabisa: penye sauti ya w mwanzoni mwa neno la kuuliza yeye alitia f, akasema fit kwa maana ya nini, na mvulana kwake hakuwa laddie bali loon. Uwanjani walimcheka hadi akalia, kisha wakaanza kumwiga, kisha wakasahau kwamba wanamwiga. Nimewahi kumwambia Baba kwamba huo ndio mkutano wa lahaja ambao profesa yeyote angelipia nauli kuuona, nao ulikuwa ukifanyika bure kila mwezi Mei mbele ya mwalimu aliyeuona wote kuwa uchafu mmoja wa kufagiwa. Alinijibu kwamba profesa naye angechapwa.

Mwalimu huyo, hata hivyo, hakuwa mtu wa kuchukia Uskoti. Usiku wa kuamkia Krismasi ya mwaka 1950 wanafunzi wanne waliingia kanisa la Westminster jijini London wakachukua jiwe ambalo wafalme wa Uskoti walitawazwa juu yake zamani, kabla ya Waingereza kulipora mwaka 1296, na Aprili 1951 jiwe likaonekana katika magofu ya abasia ya Arbroath, si mbali na kijiji chao. Siku hiyo aliweka kando hesabu akawasimulia habari za wafalme hao kwa saa nzima, macho yakimng'aa. Alizisimulia kwa Kiingereza safi.

Sasa nifike kwenye lile lililonikaa moyoni. Novemba 1952 mwalimu mkuu alimuuliza Baba swali la jiografia mbele ya ramani ya dunia, ile iliyopakwa rangi ya waridi kila palipokuwa na Mwingereza, Tanganyika yetu ikiwemo. Baba hakujua jibu, na kwa kushtuka akasema "I dinna ken". Alichapwa mara mbili. Mara ya kwanza, aliambiwa, ni kwa kutojua, na ya pili ni kwa namna alivyosema kwamba hajui.

Desemba, katika asubuhi ya baridi kali, mwalimu yuleyule aliinama kusogeza kreti ya maziwa akagusa jiko kwa mgongo wa mkono. "Michty!" alifoka kwa Kiskoti, na akaongeza kwamba jiko ni het, siyo hot kama alivyokuwa akiwafundisha. Darasa liliganda kuliko maziwa. Hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Alifunga mkono kwa leso, akageukia ubao, akaandika tarehe, ingawa tarehe ilikuwa imeshaandikwa. Siku hiyo hakumchapa mtu. Baba anasema hapo ndipo alipojua kwamba mtu yule alikuwa na mama.

Januari ikaja, na pamoja nayo siku ya Robert Burns, mshairi mkuu wa Waskoti, aliyezaliwa tarehe 25 Januari 1759 akaandika sehemu kubwa ya kazi yake bora kwa Kiskoti. Kila mwaka, kwa siku hiyo moja, shule ilikariri mashairi yake mbele ya wazazi na vyeti vikatolewa. Mwaka 1953 tarehe hiyo iliangukia Jumapili, hivyo shughuli ikapangwa Ijumaa iliyotangulia, na mwalimu mkuu akamteua Baba kukariri shairi la mkulima anayezungumza na panya aliyebomolewa kiota na plau. Kwa wiki mbili walibaki darasani baada ya masomo, wao wawili na jiko linalozimika.

Jioni ya kwanza Baba alisimama wima akamtaja panya kwa matamshi ya darasani, mouse, kama alivyofundishwa kwa karibu miaka saba. Mwalimu alimkatiza. "Sivyo," akasema. "Ni moose. Sema kama unavyosema nyumbani."

Mtoto wa miaka 11 alinyamaza. Aliitazama droo ya meza, ambamo mkanda ulilala. Alidhani ni mtego. Mwalimu alirudia, na safari hii alilitamka neno lenyewe kwa kinywa ambacho, Baba anasema, kilijua vizuri mno kulitamka. Ndipo ikatoka, kwanza kwa kunong'ona, kisha mstari kwa mstari, na mwalimu akimsahihisha kila mahali Kiingereza kilipochungulia. Ijumaa ile mama yake alilia ukumbini na baba yake, mhunzi asiyekuwa na maneno mengi, alisema tu kwamba alisikia kila neno. Cheti kipo hadi leo. Jumatatu asubuhi msichana mmoja alichapwa kwa kusema aye badala ya yes.

Miezi iliyobaki ilipita haraka. Tarehe 5 Februari 1953 peremende ziliondolewa kwenye mgao, na Baba akatumia akiba yake yote dukani siku moja akaumwa tumbo siku mbili. Juni watoto walipewa vikombe vya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Baba alikuwa amefaulu mtihani wa kuchuja, akapelekwa sekondari ya mjini, na baadaye akawa fundi wa mitambo ya umeme wa maji huko milimani. Mkanda uliondolewa katika shule za umma mwaka 1987, baada ya akina mama wawili wa Uskoti kuishtaki nchi katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya na kushinda mwaka 1982.

Nimemuuliza mara nyingi kama alimsamehe. Yeye humtetea: alikuwa mtoto wa kibarua wa shamba, anasema, alipanda kwa ngazi moja tu iliyokuwepo, naye aliamini anawashikia watoto wa kijiji ngazi hiyo hiyo. Mimi simkubalii sana. Niliwahi kuvishwa shingoni kibao chenye kamba kwa kuzungumza kilugha nikiwa darasa la tatu, Kiswahili kikiwa ndiyo lugha ya heshima. Nilipofika sekondari nikavishwa kingine kwa kuzungumza Kiswahili. Kwa hiyo lugha ninayoiandikia hapa nimeijua ikiwa fimbo na nimeijua ikiwa mgongo, na wote walionivisha vibao hivyo waliniambia kuhusu ngazi.

Katika sensa ya mwaka 2011 watu kama milioni 1.5 walisema wanazungumza Kiskoti, na mwaka 2025 Bunge la Uskoti lilipitisha sheria ya kukitambua, pamoja na Kigaeli, kuwa lugha rasmi. Nilimsomea Baba habari hiyo gazetini. Aliuliza kama kuna chai.

Januari iliyopita binti yangu alirudi na karatasi ya shule: anatakiwa akariri shairi la Burns, na bahati ikaangukia lile lile la panya. Alimwomba babu yake amwonyeshe. Baba aliweka kikombe chini, akasimama katikati ya sebule, mzee wa miaka 83, akakohoa kidogo. Kabla ya kufungua kinywa alivuta mikono ya sweta yake, wa kulia kisha wa kushoto, mpaka ikafunika vifundo.